Viti Kumi na Vinne

Mwezi wa pili, tuko wa pili.
Macsen, fundi bomba, ana mabao ishirini na sita,
moja la goti, ingawa yeye anaapa ni kisigino.
Nilidhani ngazi hupandwa kwa miguu.

Kumbe hupandwa kwa futi kamba.

Bwana Prosser alishuka garini Jumanne ya mvua
(huku Wales, Jumanne zote ni za mvua),
akafuta miwani, akauliza choo cha wanawake kiko wapi.
Nikamwonyesha. Akavuta mnyororo, akasikiliza maji
kama daktari asikilizavyo kifua.
Akapima chumba cha mwamuzi, pembe kwa pembe.
Geti la kuzunguka: moja, linakwama.
Sukuma kwa nyonga, nikamwambia, sote twasukuma kwa nyonga.
Akaandika na hilo.

Viti chini ya paa: kanuni yataka mia mbili na hamsini.
Alihesabu mara mbili, midomo ikicheza.
Mia mbili thelathini na sita.
Mna hadi mwisho wa Machi, alisema,
na kwa kuwa alisema kwa huzuni
nilimchukia kidogo tu.

Kiti kimoja cha plastiki, na nati zake, na zege lake,
ni pauni tisini. Mfuko wa klabu
una mia moja na kumi, na deni la sabuni ya jezi.
Tukauza keki. Tukachezesha bahati nasibu ya kondoo,
kondoo akaangukia kwa mwalimu anayeishi ghorofa ya tatu.
Haba na haba hujaza kibaba;
jukwaa halijai.

Ndipo Idwal, mkata nyasi, akalikumbuka kanisa la juu,
lililofungwa tangu waimbaji walipobaki watatu
na mmoja wao kiziwi.
Tukayashusha mabenchi kwa trela la majani makavu,
mbao nzito, zilizolainishwa
na makalio ya wachimba mawe, miaka mia na kitu.
Chini ya moja palikuwa na peremende iliyokauka
na jina la mama yangu, Angharad,
limechongwa kwa pini.
Kumbe naye mahubiri yalimchosha.

Benchi si viti, Prosser akasema kwenye simu.
Kiti ni cha mtu mmoja, na kina namba.
Haya. Idwal akachukua rangi ya mistari ya uwanja,
ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza,
akagawa: 237, 238, 239,
hadi 250, ya mwisho imebanana kidogo.
Mama akawa 244.

Prosser akarudi tarehe thelathini, jioni, taa zikiwaka.
Akakaa kila kimoja. Chote. Kumi na vinne.
Pale 244 alikawia,
akatazama nyasi, na mlima nyuma ya goli, na mvua
ikipita mbele ya taa.
Pazuri hapa, akasema.
Hilo hakuliandika.
Kisha akatoa kifaa kidogo cheusi
akaenda nacho kupima mwanga, hatua kwa hatua,
mpaka kona ya mlimani.

Tulimaliza wa pili. Barua ikaja mwezi wa tano.
Viti: vimekubaliwa.
Choo: kimekubaliwa.
Mwanga, kona ya kaskazini: laksi mia na nane,
kanuni mia na ishirini.
Wamepanda walioshika nafasi ya tatu,
ambao tuliwafunga kwao, na kwetu.

Niliisoma kwa sauti katika chumba cha kubadilishia nguo.
Hakuna aliyetukana. Mtu alikuwa anakata plasta kwa meno.
Kona ile, Macsen akasema mwishowe,
ndipo nilipofunga lile la goti.
Goti? tukapaza sauti wote.
Sasa nani angeona, akasema.

Idwal anauliza bei za balbu.
Mimi Jumamosi nitakaa 244,
kiti halali kabisa, chenye namba,
ligi ileile.